Mswaki wa umeme: tafuta kichwa kwanza, mpini baadaye

Kwenye droo ya meza yangu kliniki nina mipini minne ya miswaki ya umeme. Yote inachaji na yote inawaka, ila hakuna hata mmoja wenye kichwa. Mmoja ni wangu. Mitatu niliachiwa na wagonjwa waliochoka kuzunguka Kariakoo wakitafuta kichwa cha kubadilisha. Mimi ni tabibu wa meno hapa Dar es Salaam, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza: “Dokta, hivi hii miswaki ya umeme inasaidia kweli au ni mbwembwe tu?”

Inasaidia, kwa kiasi chake. Mwaka 2014 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, walichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 56. Baada ya zaidi ya miezi mitatu, waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga (utando laini wa vijidudu unaonata kwenye meno) pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, ukilinganisha na waliotumia wa mkono. Si haba, lakini si miujiza. Kama unapiga mswaki wa kawaida vizuri, dakika mbili asubuhi na mbili usiku, pesa yako fanyia jambo lingine. Hata mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya misikiti, mwenye kuujulia anasafisha nao meno vizuri tu.

Wanaofaidika zaidi ni watu wanaosugua kwa nguvu, wazee ambao vidole vimekakamaa, aliyepata kiharusi akabaki na mkono mmoja, vijana wenye waya za meno, na sisi wavivu ambao dakika mbili tunazifanya sekunde arobaini.

Hatua ya 1: Jikague kabla hujaenda dukani

Simama mbele ya kioo mchana, inua mdomo wa juu kwa kidole. Rangi ya ufizi isikutishe: wetu unaweza kuwa wa waridi, wa kahawia au mweusi kabisa na ukawa mzima. Tafuta uvimbe, na kumbuka kama ukipiga mswaki unatema damu.

Kisha angalia shingo ya chonge, pale jino linapoingia kwenye ufizi. Pitisha ukucha taratibu kutoka juu kwenda chini. Ukikwama kwenye kikato kidogo, jua umekuwa ukisugua mno kwa muda mrefu. Wanaotumia mkono wa kulia mara nyingi kikato hicho nakikuta upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko mkono unakopata nguvu zote. Mtu wa namna hii akinunua mswaki wa umeme kisha akasugua kama anayekwangua ukoko wa wali, atajiumiza maradufu.

Hatua ya 2: Ulizia vichwa

Hapa ndipo watu wanapokosea. Kichwa hubadilishwa kila miezi mitatu, au mapema zaidi brashi zikianza kutawanyika. Maana yake vichwa vinne kwa mwaka kwa kila mtu. Familia ya watu watano ni vichwa ishirini. Kwa hiyo ukiona mpini wa bei poa, usiulize bei yake kwanza. Uliza: kichwa cha huu kinauzwa wapi, shilingi ngapi, na duka la pili ninaloweza kukipata ni lipi? Muuzaji akianza kusema “kitakuja mzigo ujao”, muage.

Vichwa vya kuigiza vipo tele. Mgonjwa wangu mmoja kilimchomokea mdomoni akiwa kwenye magego ya chini. Bahati yake hakukimeza. Kabla ya kulipa, kivalishe kwenye mpini ukivute. Kikicheza, rudisha. Pitisha brashi mgongoni mwa mkono: zikichoma, fizi zako zitapata tabu. Chukua brashi laini siku zote. Ngumu sijawahi kumshauri mtu yeyote.

Hatua ya 3: Unaozunguka au unaotetema

Kuna aina mbili kubwa. Wa kwanza, kama Oral-B nyingi, una kichwa kidogo cha duara kinachozunguka kidogo kwenda na kidogo kurudi. Wa pili, kama Philips Sonicare, una kichwa kirefu kinachotetema kwa kasi sana, mipigo 31,000 kwa dakika. Yote miwili inafanya kazi. Mimi natumia wa duara kwa sababu unafika vizuri nyuma ya gego la mwisho. Mke wangu hautaki, anasema unamkumbusha kliniki.

Vitu viwili tu ndivyo nisivyokubali vikosekane: kipima muda cha dakika mbili, na kihisi cha mgandamizo, yaani taa au mlio unaokuonya ukikandamiza mno. Mwenye kikato kwenye chonge hicho cha pili asikiache. Bluetooth, programu ya simu, aina sita za mtetemo: unalipia mapambo.

Hatua ya 4: Soma maandishi ya chaja

Umeme wetu ni volti 230. Ukiletewa zawadi na shangazi kutoka Marekani, geuza chaja usome palipoandikwa INPUT. Ukikuta 100-240V, sawa. Ukikuta 120V peke yake, usichomeke, itaungua siku hiyo hiyo. Ya kutoka Uingereza ina shida nyingine: plagi ya pini mbili za duara, iliyotengenezwa kwa soketi maalumu ya bafuni. Najua tunavyofanya, tunachomeka peni kwenye tundu la juu ili zile pini ziingie. Acha. Nunua adapta, na chajia chumbani, si karibu na ndoo ya maji. Chaji moja kwa mswaki mzuri hukaa wiki mbili hivi, kwa hiyo mgao wa umeme usikuogopeshe.

Hatua ya 5: Kupiga mswaki wenyewe

Tumia dawa ya meno yenye floridi. Kwenye boksi tafuta namba kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani sehemu za floridi kwa kila milioni. Mkubwa anaweka kiasi cha njegere au zaidi kidogo, mtoto wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere, chini ya hapo punje ya mchele tu.

Ingiza mswaki mdomoni kwanza ndipo uwashe, la sivyo dawa yote itarukia kioo. Wiki ya kwanza utatekenywa, vumilia.

Sasa kazi ngumu: mkono utulie. Shika mpini kwa vidole, kama unavyoshika kalamu, si kwa kiganja kizima. Weka kichwa pale jino na ufizi vinapokutana. Ule wa kutetema uinamishe kidogo kuelekea kwenye ufizi. Hesabu moja, mbili, tatu, kisha hamia jino linalofuata. Usisugue mbele na nyuma, mota inakusugulia. Gawanya mdomo sehemu nne, juu kulia, juu kushoto, chini kushoto, chini kulia, kila moja sekunde thelathini. Miswaki mingi hukatakata mlio kidogo kukuambia hamia. Nje, ndani, kisha pa kutafunia. Panaposahaulika kuliko pote ni nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi. Ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu kama jiwe, mwingi ninaoukwangua nautoa hapo, kwa sababu mate ya tezi za chini ya ulimi yanamwagikia hapo hapo.

Ukimaliza tema, usisukutue. Najua tumelelewa na kikombe cha maji pembeni, lakini ukisukutua unaiosha floridi uliyoinunua. Tema mara mbili tatu, inatosha.

Kama umetoka kunywa soda, au kula embe bichi kwa chumvi na pilipili, subiri angalau nusu saa. Asidi inalainisha tabaka la juu la jino, na ukilisugua wakati huo unalipunguza. Mwezi wa Ramadhani piga mswaki baada ya daku na tena kabla ya kulala. Wa usiku ndio usiuruke kamwe, kwa sababu ukilala mate yanapungua na meno yanabaki bila ulinzi.

Hatua ya 6: Pale mswaki usipofika

Katikati ya meno hakuna mota inayoingia. Pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku, ukiukumbatisha kwenye ubavu wa jino kama herufi C, si kuuvuta kama msumeno. Damu ikitoka siku za mwanzo usiache. Mara nyingi ufizi ukishakuwa safi inakoma ndani ya wiki moja au mbili. Isipokoma, njoo ukaguliwe. Na ukoga ukishakuwa ugaga hauondoki nyumbani, hata kwa mswaki wa bei gani.

Neno kwa ndugu zangu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na wa Bonde la Ufa upande wa Kenya. Ule ukahawia uliotokana na floridi nyingi kwenye maji ya utotoni uko ndani ya jino lenyewe, haukukaa juu yake. Mswaki wa umeme hautautoa. Wakikuuzia kwa ahadi hiyo, wanakudanganya.

Hatua ya 7: Utunze

Kila ukimaliza, chomoa kichwa, suuza ndani ya tundu lake na ncha ya chuma ya mpini, kisha viache vikauke wima. Usipofanya hivyo, baada ya wiki chache utakuta ute mweusi humo ndani, na ndio unaoupeleka mdomoni asubuhi. Usiufunike kwa mfuko. Mpini mmoja mnaweza kutumia wawili, lakini kila mtu na kichwa chake. Vingi vina pete za rangi kwa ajili hiyo.

Mswaki ukifa, usiutupe kwenye takataka zinazochomwa uani. Betri ya lithiamu ikipata moto inaweza kulipuka. Ndiyo maana ile mipini minne bado iko kwenye droo yangu.