Polisi wakikuletea oda ya data ya mteja na wewe unauza tu WiFi ya mtaa, jipange hivi

Kama unauza intaneti Manyatta, Nyalenda, Migosi ama hata huko Bondo, ipo siku mtu wa DCI ataingia ofisini na karatasi akitaka kujua ni nani alikuwa kwa laini yako saa fulani. Kampuni kubwa ziko na mawakili wa kushughulikia hiyo karatasi, wewe uko na mafundi wawili, ruta ya MikroTik juu ya paa na dada wa kuuza vocha, na sheria ni ile ile. Naandika hii kwa sababu naona watu wengi wanaenda njia mbili mbaya: kuna wenye wanaogopa wanampa afande databesi nzima ya wateja kwa flashi, na kuna wenye wanasema hawana logi, yaani rekodi za mtandao, wanadhani maneno imeisha. Njia zote mbili zinaumiza mteja mwenye hajafanya kitu.

Kwanza jua karatasi gani ni gani. Katiba kifungu cha 31 inalinda siri ya mawasiliano ya mtu, na ile sheria ya mawasiliano, KICA, nayo kifungu chake cha 31 inasema mwenye leseni akinasa ujumbe ama akitoa yaliyomo nje ya kazi yake halali anaweza pigwa faini hadi shilingi 300,000 ama jela hadi miaka 3 ama vyote viwili. Kwa hivyo ukimpa afande vitu kwa urafiki, mwenye atashtakiwa unaweza kuwa wewe. Alafu iko Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kifungu cha 50 ni oda ya korti ya kutoa data yenye uko nayo tayari. Cha 51 ni notisi ya kuhifadhi, na hii polisi anaweza kukuletea bila kupitia korti, inakwambia usifute data ya trafiki (nani aliwasiliana na wapi na saa ngapi, sio yaliyomo) kwa muda usiozidi siku 30, akitaka zaidi lazima aende korti. Cha 52 ni kukusanya data ya trafiki papo hapo, mwisho miezi 6, na cha 53 ni kunasa yaliyomo yenyewe, mwisho miezi 9, zote ni za korti. Mambo ya ugaidi ni Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, hapo anayeomba ni polisi wa cheo cha chifu inspekta kwenda juu na anaomba High Court. NIS, watu wa ujasusi, nao wanaenda kwa jaji wa High Court kuchukua waranti. Print hizi kwa ukurasa mmoja ubandike ofisini, ndio yule wa vocha akiulizwa na wewe uko site Ahero ajue cha kusema: "Afande karibu, tutasaidia, naomba oda ya korti tupeleke kwa wakili wetu." Asiseme zaidi ya hapo na asiguse kompyuta.

Sasa hapa ndio penye kazi iko. Oda nyingi zinakuja zimeandikwa IP (anwani ya mtandao) na saa, basi. Wewe uko na IP ya nje moja na nyuma yake nyumba 60, kwa hivyo hiyo IP haikuambii kitu. Unahitaji vitu vitatu, IP ya nje, namba ya porti ya upande wa mteja (namba inayotofautisha koneksheni zinazotumia IP moja) na saa kamili hadi sekunde pamoja na saa za wapi. Tuseme oda imeandikwa 21:07 na haisemi zaidi. Kama hiyo saa imetoka kwa logi za mtandao wa kijamii huko nje kuna uwezekano mkubwa ni UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hivyo hapa Kisumu ilikuwa saa sita na dakika saba usiku, na tarehe yenyewe imebadilika. Kama ni saa zetu basi ni saa tatu na dakika saba usiku. Ukichanganya hizo mbili unataja nyumba ya mtu mwenye alikuwa amelala, na huyo ndio ataamshwa na landrova alfajiri. Usikisie hata kidogo! Andika barua rudisha uliza: porti ni gani, na saa ni UTC ama ya Afrika Mashariki? Afisa serious atarudi kwa mwenye alimpa logi achukue. Na ruta zako zote ziweke NTP leo, ndio zijirekebishe saa zenyewe kwa mtandao, maana saa ya ruta ikipotea dakika tano rekodi yako inaweza kutiliwa shaka kortini.

Gharama nayo. Watu wanakimbilia kurekodi kila koneksheni yenye NAT (ile kazi ya ruta ya kupitisha wateja wengi kwa IP moja) inafungua alafu wanashangaa diski imejaa. Piga hesabu, tuseme uko na wateja 300, kila mmoja anafungua koneksheni 20,000 kwa siku, mstari mmoja wa logi baiti 150, hiyo ni kama MB 900 kila siku, zaidi ya GB 320 kwa mwaka, na mbaya zaidi umejiwekea historia ya kila mahali wateja wako walienda, kitu hukuwa unahitaji na sasa lazima ulinde. Njia rahisi ni kugawa porti mapema. IP moja iko na porti 65,536, acha zile 1,024 za kwanza, zinabaki 64,512. Mpe kila mteja porti 2,000, IP moja inabeba wateja 32. Mteja wa kwanza 1024 hadi 3023, wa pili 3024 hadi 5023, endelea hivyo. Oda ikija na porti 14210 unaangalia tu jedwali, ni mteja wa saba, ambaye yake ni 13024 hadi 15023, na hukuhitaji kurekodi website hata moja. Kwa MikroTik ni ruli za src-nat zenye to-ports, moja ya TCP moja ya UDP (aina mbili za trafiki) kwa kila mteja, unaandikia skripti izitoe mara moja. Kama IP ni chache punguza hadi porti 1,000, hapo IP inabeba 64, lakini nyumba yenye simu nyingi itaanza kulalamika jioni. Chenye utaweka ni lile jedwali, tarehe kila lilipobadilishwa, na rekodi za RADIUS, ile seva ya kuingiza wateja, yaani nani aliingia lini akatoka lini akapewa IP gani ya ndani. Mwaka mzima wa hiyo kitu inaingia kwa flashi ya kawaida.

Wale wa vocha za hotispoti ni wagumu zaidi. MAC, namba ya kifaa, usiitegemee, simu za siku hizi zinabadilisha zenyewe. Weka namba ya vocha na malipo ya M-Pesa yaliyoinunua, na kwa jibu lako sema wazi kwamba hiyo inaonyesha nani alilipa, haionyeshi nani alishika simu. Hii sentensi iweke hata kwa wateja wa PPPoE, wale wa nyumbani wenye akaunti na paswadi. Ploti yenye watu kumi wanachangia ruta moja iko kila mahali hapa kwetu, na bila hiyo sentensi mpelelezi anasoma jina lililo kwa akaunti kama jina la mshukiwa.

Gharama ingine ni cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Data ya kompyuta haiingii kortini hivi hivi, mwenye anasimamia mtambo lazima asaini jinsi ilivyotolewa, na huyo anaweza itwa kama shahidi. Chagua mtu mmoja tu wa kusaini, akuwe anaelewa mtambo kweli, maana atasimama Kisumu Law Courts aulizwe maswali na kesi inaweza ahirishwa arudi tena. Hiyo siku hakuna fundi kwa paa, kwa hivyo iweke kwa bajeti pamoja na wakili. Ongea na wakili mapema mkubaliane bei ya kusoma oda moja, ukimtafuta siku polisi wako mlangoni utalipa yenye anataka. Usajili kwa Kamishna wa Data nao ni lazima kwa watoa huduma za mawasiliano hata wadogo, ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000 kwa miaka 2.

Kunasa papo hapo ni nadra kwetu wadogo lakini jua itafanyika aje. Oda itaje akaunti moja, wewe unachuja trafiki ya hiyo akaunti peke yake na kuipeleka kwa wapelelezi wenye oda, MikroTik inaweza kwa sniff ya TZSP, yaani ruli ya kutuma nakala ya trafiki kwa mashine ingine. Usikubali kuwapa paswadi ya ruta ama kuachia kisanduku kwa swichi kikisikiliza mtaa mzima. Na waambie ukweli, mengi yamefungwa kwa usimbaji kama TLS, wataona mtu ameongea na seva gani na saa ngapi, hawatasoma WhatsApp. Korti ikisema oda ni siri, iwe siri, hata kwa mafundi wasiohusika.

Huko Marekani walienda njia ingine, sheria yao ya CALEA ya 1994 ililazimisha mitambo iwe tayari kunaswa, ikafika kwa watoa intaneti Mei 2007, na FCC, msimamizi wa mawasiliano huko, ikakataa warudishe gharama ya mitambo kupitia bei ya kila oda, kwa hivyo wadogo wengi wakakodi kampuni za kuwafanyia. 2024 ikaripotiwa wadukuzi wanaoitwa Salt Typhoon wameingia kampuni kubwa za simu huko, na mitambo ya kunasa ikawa kati ya vyenye walifikia. Ndio maana nasema usijenge mlango wenye hujaagizwa na korti, na ukimaliza oda toa ile ruli ya sniff siku hiyo hiyo.

Alafu nunua kitabu cha kaunta, kila oda iandikwe tarehe, namba ya kesi, afisa na cheo chake, ulitoa nini, nani alisaini kupokea. Nakala iwe kwa diski yenye paswadi, sio kwa simu ya fundi. Sheria ya Data ya 2019 haitaki uweke taarifa za mtu zaidi ya haja, kwa hivyo chagua muda wa logi zako, uandike kwa sera yenye mteja anaweza kusoma, ufute ukifika, isipokuwa zile zenye ziko chini ya notisi ya kifungu cha 51, hizo zitenge kwa folda yake na uandike siku notisi inaisha.