Kichwa kikikauka, chora mbuzi ya nazi

Wachoraji wanaoanza huniuliza nafanya nini siku ambayo wazo haliji. Naingia jikoni. Natafuta chombo kilichotumika hadi kikachoka, maana chombo kipya dukani hakina habari nyingi ya kukupa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mbuzi ya kukunia nazi. Itazame kwa karibu. Ubao wa kukalia umelainika katikati hadi unang'aa, lakini pembeni bado una alama za patasi ya fundi. Meno nayo hayalingani: ya katikati yamelika, ya pembeni yangali makali. Ukichora mbuzi "nzuri" yenye meno sawasawa, umewafuta wote walioikalia. Anzia hapo palipolika.

Kaa chini, macho yako yawe usawa wake. Chagua saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, kwa sababu saa sita mchana vivuli ni vifupi na umbo hubapa. Mchoro wa kwanza chora taratibu bila kutazama karatasi. Mistari itapinda, iache. Wa pili usichore mbuzi kabisa, chora uwazi ulio kati ya miguu yake. Zoezi hili nalithamini sana. Akili ina mbuzi yake ya tangu utotoni na itakusukuma uchore hiyo. Uwazi hauna picha kichwani, kwa hiyo utalazimika kutazama.

Vifaa visikuzuie. Kipande chembamba cha mkaa wa jikoni kinatosha. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya kawaida vya ujenzi, na mtindo wenye jina lake ungali hai. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vikawa mapazia ya kufunika ukuta mzima.

Ukitaka nakshi badala ya umbo, tandika karatasi nyembamba juu ya mkeka, laza mkaa ubavu, usugue bila kukandamiza. Ukili utajitokeza wenyewe, na pale ukili ulipoungwa na mwenzake utaona mshono ambao jicho huuruka kila siku. Sugua mahali kadhaa, ubandike karatasi zote ukutani pamoja, kisha chagua moja ya kuipaka rangi.

Kaa na kitu kimoja wiki nzima. Ukikichoka, kabla ya kukibadilisha kipindue. Mbuzi iliyolazwa kifudifudi, miguu juu, ina uwazi mwingine kabisa wa kuchora.