Somo: Dawa za kuzuia neva zinazojiendesha, na kwa nini hazimgusi kila mtu sawasawa

Wanafunzi wetu wengi wa uuguzi na famasia hukariri orodha ya athari za dawa hizi: kinywa kukauka, choo kigumu, presha kushuka, moyo kwenda mbio. Siku ya mtihani yote yanachanganyika. Mimi nasema orodha hiyo haina haja ya kukaririwa. Dawa ya kuzuia inanyamazisha tu neva iliyokuwa ikitoa amri. Ukifunga mfereji uliokauka tangu jana, ndoo haitajua tofauti.

Hatua ya 1: Jua nani anatawala kiungo mtu akiwa ametulia.
Neva zinazojiendesha, yaani zinazoongoza viungo bila sisi kuamua, zina pande mbili: simpatetiki, ya hekaheka, na parasimpatetiki, ya utulivu. Mishipa midogo ya damu iko chini ya simpatetiki, inayoibana. Moyo, mboni, matumbo, kibofu na tezi za mate vinasikiliza zaidi parasimpatetiki. Sasa chukua heksamethoniamu, dawa ya zamani ambayo William Paton na Eleanor Zaimis waliielezea mwaka 1948. Inakata ujumbe kwenye ganglia, vituo ambamo neva hupokezana ujumbe, za pande zote mbili. Kila kiungo kinapoteza bwana wake: mishipa inalegea na presha inashuka, moyo unaharakisha, mboni inapanuka, mkojo unakwama. Orodha imejiandika yenyewe.

Jasho tu ndilo lina ugeni wake. Neva zake ni za simpatetiki lakini zinatumia asetilikolini, kemikali ya ujumbe ambayo parasimpatetiki hutumia kwenye viungo, kwa hiyo atropini, dawa inayoizuia, inalikausha. Mtoto aliyepewa atropini katika joto la kaskazi aangaliwe asije akapanda homa.

Hatua ya 2: Pima nguvu ya amri hiyo.
Moyo ukikatiwa neva zote mbili hupiga kwa kasi yake wenyewe, ambayo hukadiriwa hivi, kwa dakika: 118 ukitoa 0.57 mara umri. Kijana wa miaka 25 anapata karibu 104, mzee wa miaka 70 karibu 78. Kijana akikaa barazani na mapigo 65, ujue vagasi, neva ya parasimpatetiki ya moyo, inamzuia kwa nguvu. Mpe atropini ya kutosha, mapigo yataruka. Mzee mwenye mapigo 70 hana pengo kubwa la kuruka. Na aliyepandikizwa moyo, ambao vagasi yake ilikatwa, atropini haimwongezei mapigo.

Hatua ya 3: Mgonjwa yuko katika hali gani sasa hivi?
Amelala, amesimama, anapanda ngazi? Mtu akisimama, damu ya nusu lita hadi lita nzima hushukia miguuni na sehemu za chini za tumbo, na simpatetiki ndiyo inayookoa presha. Pima akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Presha ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, usiipuuze.

Hatua ya 4: Je, dawa yenyewe inangoja neva ifanye kazi?
Hapa ndipo penye utamu, na vitabu vingi vya skuli hupita mbio. Heksamethoniamu huingia ndani ya tundu la kipokezi (protini inayopokea ujumbe) likiwa limeshafunguliwa na asetilikolini. Neva ikituma ujumbe kwa kasi, matundu hufunguka mara nyingi, na dawa inaziba zaidi. Sumu ya botulinamu aina A nayo hushika protini ya vifuko vya neva, SV2, ambayo hujitokeza nje kifuko kinapomwaga ujumbe. Ncha ya neva yenye shughuli nyingi hulemazwa mapema. Atropini ni kinyume: inashindania kiti kwenye kipokezi na asetilikolini, hivyo neva ikipaza sauti, dawa husukumwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Chake Chake: Maalim, mchezaji wa mpira amepewa propranololi, mapigo yake akikaa hayakupungua sana. Dawa mbovu?

Jibu: La. Propranololi huzuia simpatetiki kwenye moyo. Akikaa, simpatetiki imenyamaza, hakuna kikubwa cha kuzuia. Mpandishe ngazi kisha upime. Hapo utaona mapigo yanakataa kupanda kama zamani.

Nesi, Wete: Mzee wetu anayetumia prazosini kwa tezi dume alianguka alfajiri akienda msalani. Kitandani presha ilikuwa nzuri.

Jibu: Prazosini huzuia amri ya simpatetiki ya kubana mishipa. Kitandani haikuwa na kazi kubwa ya kuzuia, dada yangu, kazi kubwa ilianza aliposimama. Hatari ni kubwa zaidi kwenye dozi ya kwanza, ndiyo maana huanzwa kwa kidogo, wakati wa kulala. Akae ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu chini, asubiri. Ramadhani mwulize kuhusu maji: mwili mkavu unaegemea simpatetiki zaidi, na dawa inaiangusha kutoka juu zaidi. Asiiache mwenyewe, amwone daktari.

Mwanachama, Makunduchi: Mbona mtu aliyekunywa sumu ya wadudu hupewa atropini nyingi namna ile?

Jibu: Rejea hatua ya 4. Sumu hizo huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, nayo inafurika. Atropini inashindania viti dhidi ya umati, kwa hiyo dozi huongezwa, mara nyingi kwa kuizidisha maradufu kila baada ya dakika 5, mpaka mapafu yakauke na presha na mapigo vitengemae. Usisimame kwa sababu mboni zimepanuka. Weka stetoskopu kifuani.