Kutafsiri "light": usikimbilie "nyepesi"

"Light" ikitangulia jina la kitu, mkono huenda wenyewe kwenye "nyepesi". Kwa begi, koti au sanduku, sawa. Shida huanza kwenye lebo ya mafuta, karatasi ya dawa na maelezo ya mtu anayetafutwa na polisi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ya tano ndiyo inayokula muda, na ikikosewa kuna mtu atakula asichopaswa kula.

Hatua ya 1: Tenga zisizo kivumishi

Tafuta "light", "lighter", "lightly" na "lite" kwenye faili lote. "Light switch" ni swichi ya taa, "lighter" huenda ikawa kiberiti cha gesi, na "protect from light" kwenye dawa ni "weka mbali na mwanga". Hizo zitafsiri sasa hivi zikuondokee.

Hatua ya 2: Andika kinyume kwanza

Fungua lahajedwali lenye safu tatu: sentensi, kinyume, Kiswahili. Ni marufuku kugusa safu ya tatu kabla ya kujaza ya pili. Jiulize mwandishi angesema nini kama mambo yangekuwa upande wa pili: "heavy", "dark", "strong" au "regular"? Jibu hilo ndilo linalochagua neno.

Ukitumia programu ya tafsiri yenye kumbukumbu, zima ujazaji wa moja kwa moja kwa neno hili. Programu hizo ni nzuri kwa mikataba. Hapa, ukikubali "nyepesi" mara moja, itaimwaga mpaka ukurasa wa mwisho bila kukuuliza.

Hatua ya 3: Kinyume ni "heavy"

Hata hapa uzito wa mizani ni sehemu tu. Mara nyingi kinachosemwa ni wingi, na Kiswahili kina "kidogo" na "-chache" kwa kazi hiyo. "Light traffic" ni magari machache. "Light bleeding" ni kutoka damu kidogo. Ukiandika "damu nyepesi", msomaji ataelewa damu ya majimaji, na hilo ni lalamiko jingine kabisa mbele ya daktari. "Take with a light meal" ni "kunywa pamoja na chakula kidogo", kwani "chakula chepesi" kwa wengi ni uji au supu.

"Light-headed" ina mtego wake. "Kizunguzungu" inatosha ikiwa peke yake, lakini orodha ya madhara ya dawa mara nyingi huwa na "dizzy" pia. Zikikutana, kizunguzungu kipe "dizzy", na hii nyingine iandike "kuhisi kama unataka kuzimia".

Kumbuka pia kwamba mtu mwepesi kwetu ni mwenye kasi, na mwepesi wa kusahau hana uhusiano na kilo zake.

Hatua ya 4: Kinyume ni "dark"

Kwa rangi, andika "isiyokolea": kijani isiyokolea, bluu isiyokolea. Epuka "iliyopauka". Shati lililopauka limechoshwa na jua na sabuni, na hakuna muuza nguo atakayekushukuru kwa neno hilo. Kwa ngozi, "light-skinned" ni "mweupe" au "maji ya kunde", kutegemea kiwango. Msomaji wa Afrika Mashariki hatamchanganya mweupe na Mzungu, lakini msomaji wa nje anaweza, kwa hiyo kwenye tangazo la polisi ongeza "Mwafrika" kama maandishi ya Kiingereza yanasema hivyo.

Hatua ya 5: Kinyume ni "regular", yaani lebo za vyakula

Hapa "light" ni dai la kisheria, na sheria hazifanani. Anza kwa kuangalia bidhaa inauzwa wapi.

Marekani, chakula kinachojiita "light" kwa kawaida kiwe na kalori pungufu kwa theluthi moja au mafuta pungufu kwa nusu, kikilinganishwa na cha kawaida. Kama nusu au zaidi ya kalori zake zinatokana na mafuta, hakina uchaguzi: mafuta ndiyo yapungue kwa nusu. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2006, hutaka upungufu wa angalau asilimia 30, na lebo itaje kilichopunguzwa. Kwa hiyo usiandike "maziwa mepesi" ukaishia hapo. Tafuta kilichopunguzwa, kisha kitaje: "yaliyopunguzwa mafuta", "yenye kalori pungufu". Kama lebo haikitaji, muulize mteja kabla ya kuandika chochote.

Halafu kuna bidhaa ambazo "light" yake haihusu kupunguza kitu mwilini mwa mlaji.

Mafuta ya zeituni ya "light" yamesafishwa yakapoteza rangi na ladha kali. Kalori ni zilezile, kama 120 kwa kijiko cha chakula. Andika "yenye ladha hafifu". "Mepesi" humfanya anayepunguza unene amimine bila hofu.

Sosi ya soya ya "light" ni mbaya zaidi. Ni nyembamba na rangi yake haijakolea, lakini kwa kawaida ina chumvi nyingi kuliko ile nyeusi. Mwenye presha akisoma "soya nyepesi" ataelewa kinyume. Andika "soya ya rangi isiyokolea", na kiwango cha chumvi kiache kionekane.

Kwa sigara, neno hilo lilipigwa marufuku kwenye pakiti za Umoja wa Ulaya mwaka 2003 na Marekani mwaka 2010, kwa sababu wavutaji waliamini zina madhara madogo. Ukilikuta kwenye nyaraka za zamani, liache kama jina la biashara, ndani ya alama za kunukuu. Usilitafutie Kiswahili kitamu.

Hatua ya 6: Hali ya hewa

"Light rain" ni mvua hafifu, isiyofikia milimita 2.5 kwa saa. Neno "manyunyu" liachie "drizzle", ambayo hutambulika kwa udogo wa matone, chini ya nusu milimita. "Light breeze" ya mabaharia ni upepo wa noti 4 hadi 6, yaani maili za baharini kwa saa. "Upepo mwanana" unatosha.

Hatua ya 7: Msako

Funga Kiingereza, tafuta "epesi" kwenye tafsiri yako. Herufi hizo tano zinanasa mwepesi, jepesi, chepesi, vyepesi na pepesi kwa pamoja. Kila moja irudishe kwenye safu ya pili, na pasipoandikwa "heavy", tafsiri upya.