Namna ya kuandika historia ya wanafunzi na watumishi weusi wa chuo kikuu
Anza na madaftari ya usajili, ukiangalia mahali pa kuzaliwa, kwa kuwa mara nyingi rangi haikuandikwa. Kisha linganisha majina na orodha za wahitimu. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, James Africanus Horton wa Sierra Leone, aliyehitimu udaktari mwaka 1859, na Julius Nyerere, aliyehitimu mwaka 1952, hawakupi taabu. Kazi nzito, na kwangu ndiyo muhimu zaidi, ni kuwatafuta wasiosajiliwa: John Edmonstone, aliyewahi kuwa mtumwa Guyana, alimfundisha mwanasayansi Charles Darwin huko Edinburgh kuhifadhi miili ya ndege, ila Darwin alipomkumbuka katika maandishi yake hakumtaja jina. Soma basi barua, shajara na vitabu vya mishahara ya wapishi na wafagiaji. Walio hai wahoji kwa ridhaa yao, na uwaachie nakala ya mazungumzo.