Brashi za Singa au za Sintetiki? Jinsi ya Kuchagua kwa Uchoraji wa Rangi za Mafuta

Kabla ya kuuliza brashi ipi ni bora, jiulize rangi utakayotumia ni nzito kiasi gani. Rangi iliyotoka kwenye tyubu bila kulainishwa hutaka nywele ngumu za kuisukuma. Iliyolainishwa kwa mafuta au tapentaini hutaka nywele laini zisizoikwangua. Suala la asili au sintetiki huja baada ya hapo.

Hatua ya 1: Ijue brashi uliyoshika

Singa za nguruwe ni nene na ngumu, na kila singa imechanika nchani kama kifagio. Michaniko hiyo ndiyo inayobeba rangi nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo, hata ncha zikionekana hazijalingana, usizipunguze kwa mkasi: utakuwa umekata sehemu yenyewe inayofanya kazi. Nywele za asili zilizo laini hutoka mkiani mwa kicheche wa Siberia, na wauzaji huziita kolinsky. Hizi hukutana kwenye ncha moja kali na hubeba rangi nyepesi vizuri mno.

Sintetiki ni nyuzi za nailoni au poliesta zilizochongoshwa kiwandani. Uso wa uzi huo ni mtelezo, hauna magamba madogo yaliyo kwenye unywele wa mnyama, ndiyo maana hubeba rangi kidogo na kuiachia upesi. Utarudi kwenye paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, mara nyingi zaidi. Lakini jihadhari: neno "sintetiki" peke yake halikuambii ugumu wa brashi. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi za maji hulegea kabisa ikikutana na rangi ya mafuta, na wengi huishia kulaumu sintetiki zote kwa kosa la brashi moja.

Ukiwa na shaka, choma unywele mmoja uliodondoka, mbali na tapentaini. Wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na kusagika vidoleni. Wa sintetiki huyeyuka na kuganda kama kishanga.

Hatua ya 2: Ijaribu kabla ya kuinunua

Brashi mpya hugandishwa kwa gundi inayoyeyuka majini, ili umbo lisiharibike safarini. Ikiwa bado imeganda, huwezi kuipima. Omba ruhusa ya kuifikicha taratibu kwa vidole. Kisha ibonyeze kiganjani mpaka nywele zipinde, uiachie. Inapaswa kurudi wima. Vuta nywele kidogo: moja au mbili zikitoka si neno, ila zikiendelea kutoka, gundi ya ndani ni mbovu. Shika pete ya chuma inayobana nywele kwenye mpini, uizungushe. Ikicheza kwenye mpini, irudishe rafuni.

Kwa brashi za nguruwe, angalia pia mkunjo. Nzuri hupangwa singa zikielekea ndani, upande huu ukiukabili ule. Zilizotanuka zikiwa bado mpya hazitajirekebisha.

Namba za ukubwa hazilingani kati ya watengenezaji, hivyo pima upana kwa milimita.

Hatua ya 3: Ioanishe na kazi

Kwa tabaka la kwanza juu ya kanvasi (kitambaa cha kuchorea) yenye uso wa kukwaruza, tumia nguruwe. Kanvasi hiyo hufanya kazi kama msasa, na brashi ya kicheche ikipelekwa hapo huisha ncha haraka. Kwa kingo zilizonyooka, sintetiki bapa na ngumu hukata mstari safi kuliko singa. Kwenye ubao uliosuguliwa ukawa laini, nguruwe huacha mifereji. Kama huitaki, shika sintetiki.

Penye utata hasa ni kupaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Singa ngumu huchimba tabaka la chini na kulivuruga, na matokeo ni tope. Chukua sintetiki laini, ongeza tone la mafuta kwenye rangi ya juu, ulaze brashi karibu na kanvasi, upitishe mara moja tu. Ukirudia, utachimba hata kwa brashi laini.

Kwa anayeanza, tano zinatosha: nguruwe bapa za milimita 20, 12 na 6, sintetiki bapa ya milimita 12, na sintetiki nyembamba ya duara kwa mistari. Kicheche isubiri.

Ukitumia rangi za mafuta zinazochanganyika na maji, sintetiki inashinda. Singa hunywa maji na kulegea katikati ya kazi.

Hatua ya 4: Zuia uharibifu

Brashi kutanuka kama ua husababishwa na rangi iliyokauka kwenye shina, ndani ya pete. Chovya kwenye rangi mpaka nusu ya urefu wa nywele, usizidishe. Ncha za sintetiki zikijikunja kama ndoana, mara nyingi ni kwa sababu brashi iliachwa imesimama kichwa chini kwenye kopo. Zitumbukize ncha tu kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde chache, zinyooshe kwa vidole, ziache zipoe. Pete isiingie majini: mpini hufura, kisha ukikauka hulegea.

Kusafisha ni kulekule kwa aina zote. Futa kwa kitambaa ukivuta kutoka kwenye pete kuelekea nchani, suuza kwa tapentaini, kisha osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kiganjani mpaka povu litoke jeupe. Rudisha umbo, laza brashi ikauke. Za asili zihifadhi kwenye boksi lililofungwa, kwani nondo wa nguo huzila. Za sintetiki hawazigusi.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yaani mafuta yaliyomo kwenye rangi hizi, usivirundike. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje, au vizamishe majini kwenye kopo la bati lenye kifuniko.