Kutayarisha kitambaa cha tablo, kuanzia sokoni mpaka safarini

Tablo, yaani mchoro wa rangi juu ya kitambaa, ikianza kupasuka au kubanduka baada ya mwaka mmoja, lawama hutupiwa rangi. Mara nyingi kosa liko chini yake: kitambaa hakikufuliwa, au msingi mweupe, yaani tabaka la chini ya rangi, ulipakwa mbiombio ili kazi iuzwe Jumamosi. Maelezo haya ni kwa wachoraji wa Lubumbashi, na pia kwa wale wanaonunua kazi zao.

Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yetu, Kongo, juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Mifuko ile ilikuwa ya pamba. Mingi inayouzwa leo ni ya plastiki iliyosokotwa, na hapo rangi haina pa kushika. Ukiikunja mara moja tu inatoka vipande vipande. Nunua amerikani nzito ya pamba. Kama una shaka, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, lakini nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kipande kigumu.

Fua kitambaa kwa maji ya moto na sabuni kidogo, kisha suuza vizuri. Kiwandani hutiwa wanga ili kionekane kizito, na wanga huo unazuia gundi kuingia ndani ya nyuzi. Tena amerikani mpya husinyaa. Afadhali isinyae kwenye beseni kuliko juu ya mbao. Ipige pasi ikiwa bado na unyevu kidogo.

Shasi, yaani fremu ya mbao ya kukazia kitambaa, mpe seremala aitengeneze, lakini simama karibu naye. Kwa tablo ya sentimita 60 kwa 80, mbao za unene wa sentimita 2 na upana wa 4 zinatosha. Pima kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili: kila moja iwe sentimita 100 kamili. Ikitofautiana, shasi imekaa mshazari. Mwambie pia apige randa ukingo wa ndani, upande wa mbele, uteremke kidogo. Asipofanya hivyo, ubao utagusa kitambaa na baada ya miezi michache mstari wake utaonekana kwenye mchoro wako. Upande ukizidi mita moja, ongeza ubao wa kukatiza katikati. Mbao za kununua Agosti au Septemba zimekauka kuliko za Januari. Mbao mbichi hujipinda, na tablo yote inajipinda nazo.

Kata kitambaa cha sentimita 74 kwa 94, yaani saba za ziada kila upande. Anza kupiga pini katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande unaoutazama, halafu zile mbili zilizobaki. Toka hapo kwenda pembeni polepole, kila sentimita 4 au 5, ukibadilishana pande. Anayeanza na kona hupata mikunjo isiyotoka. Usivute kwa nguvu zote, maana gundi ikikauka itakaza yenyewe.

Sasa gundi nyeupe ya seremala: kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya maji. Paka mara moja, ukisugua iingie. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasifike kwenye pamba. Rangi ya mafuta ikigusa uzi mtupu huuchoma taratibu, na baada ya miaka kitambaa kinachanika kwa kidole. Uji wa unga wa muhogo una bei rahisi, lakini wadudu wanaupenda na masika unaota ukungu. Uache.

Ikishakauka, changanya msingi: vipimo viwili vya rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, kimoja cha gundi, kimoja cha unga wa chaki au pemba (udongo mweupe) iliyochujwa kwa kitambaa chembamba, na nusu kipimo cha maji. Robo lita inatosha tabaka tatu kwa saizi hii. Tabaka la kwanza lipake kwa urefu, la pili kwa upana, la tatu tena kwa urefu, yote membamba. Kati ya tabaka subiri saa tatu au nne, kisha pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Chaki ikizidi, msingi unapasuka ukibonyezwa kwa nyuma. Maji yakizidi, unaacha unga mweupe kwenye kidole. Gundi ikizidi, uso unang'aa na rangi inateleza. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo: kikunje kikikauka, kisha kisugue kwa kidole kilicholowa. Wanaochora Mamba Muntu, yule nguva wa majini, wawe waangalifu zaidi, kwa sababu eneo kubwa la maji ya buluu huonyesha kila donge.

Kiangazi fanya kazi hii ndani, milango imefungwa, la sivyo vumbi jekundu litaganda kwenye msingi. Masika ongeza muda wa kukauka mara mbili. Kwa rangi ya maji subiri siku moja kabla ya kuchora. Kwa rangi ya mafuta, siku tatu. Mafuta yanaweza kukaa juu ya rangi ya maji, lakini rangi ya maji juu ya mafuta itabanduka tu.

Kwa wanunuzi: ukiagiza tablo, lipia kitambaa, mbao na gundi siku hiyohiyo unapoagiza. Mchoraji asiye na akiba hupunguza kwanza vitu visivyoonekana, na hapo unapoteza wewe. Wachoraji wa komini (mtaa) moja ya Lubumbashi, kama Kenya au Katuba, wanaweza pia kuchanga na kununua gundi kwa ndoo badala ya vikopo. Bei ya kila mmoja inashuka.

Tablo ikisafiri bila shasi, izungushe kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, upande wenye rangi ukitazama nje. Ukiuweka ndani, rangi inabanwa na kukunjamana. Tanguliza kitambaa safi cha pamba, plastiki iwe ya nje kabisa. Nyuma, kwenye ukingo, andika kwa penseli jina, mwaka, vipimo na aina ya rangi. Wino wa kalamu nene hupenya hadi mbele.